Ohio State 2024: Pete ya ubingwa wanayo, kikaptula cha dhahabu hawana (uzi mrefu, mapema 2025)

#1 BuckeyeWaTemeke

Wakuu, salaam.

Msimu umeisha na bingwa ni Ohio State. Tarehe 20 Januari 2025 pale Atlanta tumemfunga Notre Dame 34-23 na kuchukua ubingwa wa taifa wa futiboli ya vyuo vya Marekani, wa kwanza tangu ule wa msimu wa 2014. Naishi hapa Columbus, mji wa timu hii, nimeifuata timu hii mechi kwa mechi tangu Agosti, na kuna maneno ya mtaani na redioni yananikera. Kila mtu anasema kufungwa na mahasimu wetu Michigan tarehe 30 Novemba kuliwaamsha vijana. Eti walikuwa wamelala, wakapigwa kofi, wakaamka mabingwa.

Sikubaliani hata kidogo. Vijana hawakuwa wamelala. Siku ile walipewa mpango mbaya wa mchezo, na wiki 3 baadaye wakapewa mpango mzuri. Wachezaji walewale, makocha walewale. Hiyo ndiyo hoja yangu. Ni ndefu, mwenye haraka apite tu.

Kwa wageni wa mchezo huu, kwa kifupi: ni watu 11 kwa 11. Mwenye mpira ana majaribio 4 ya kusogea yadi 10, akifanikiwa anapewa mengine 4. Ukiufikisha mpira eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, na mkwaju wa nyongeza pointi 1. Ukikwama karibu unaweza kuupiga mpira upite kati ya nguzo, pointi 3. Kila kitu kinaanzia kwa kwotabeki: ama anapiga pasi mbele, ama anampa mbeba mpira akimbie. Na mbele ya kwotabeki kuna mabonge 5 wanaomkinga. Hao 5 wawekeni akilini, maana habari yote ya msimu huu imepitia kwao.

Sasa tuanze. Januari 2024 timu ilikuwa na kidonda. Michigan alikuwa ametufunga 2021, 2022 na 2023, na huo wa 2023 akabeba na ubingwa wa taifa. Vijana waliojiunga na chuo 2021 wakawa njia panda: Jack Sawyer, JT Tuimoloau, Emeka Egbuka, TreVeyon Henderson, Denzel Burke, Tyleik Williams. Hawa wangeweza kwenda NFL, ligi ya kulipwa, wakaanza kula mshahara. Wakabaki. Sawyer ni mtoto wa Pickerington, kamji kaliko jirani kabisa na Columbus, na kwake ubingwa bila kupitia Columbus usingekuwa na ladha.

Wakaongezewa nguvu. Will Howard, kwotabeki, akatoka Kansas State ambako nafasi ilikuwa inaenda kwa kijana mdogo zaidi. Caleb Downs, beki wa nyuma, akatoka Alabama baada ya kocha Nick Saban kustaafu. Quinshon Judkins, mbeba mpira, akatoka Ole Miss. Seth McLaughlin wa Alabama akaja kucheza senta, yaani bonge wa katikati ya wale 5. Chip Kelly akaacha ukocha mkuu UCLA akaja kuwa msaidizi wa kocha wetu mkuu Ryan Day, asimamie mashambulizi. Na kutoka Florida akaja kijana wa miaka 18, Jeremiah Smith, mpokeaji wa pasi. Huyo nitarudi kwake.

Mechi za mwanzo sina haja ya kuwachosha: Akron 52-6, Western Michigan 56-0, Marshall 49-14, Michigan State 38-7, Iowa 35-7. Kilichobaki kichwani mwangu ni Smith kudaka mipira kwa mkono mmoja, mabeki wamemganda.

Naendelea kwenye posti inayofuata, nakula kwanza.

#2 Msukuma_Halisi

Tuko pamoja mkuu, endelea. Ila mmoja anisaidie: timu imebeba kombe la nchi nzima, kwa nini mechi moja ya Michigan ndiyo inawatoa watu usingizi?

#3 KochaMstaafu

Mkuu Msukuma, chukulia Yanga wabebe ligi huku wamefungwa na Simba. Kombe lipo kabatini lakini kijiweni hukai kwa raha. Mtu wa Simba yeyote muulize kuhusu tarehe 5 Novemba 2023, ile 5-1. Mwaka hautajwi, tarehe haitajwi, inatajwa namba tu na mtu anahama meza.

#4 BuckeyeWaTemeke

Kocha kanimalizia. Naongeza moja tu, maana ndiyo kichwa cha uzi.

Ohio State na Michigan wanacheza tangu 1897. Wiki ya mechi yao, herufi M kwenye mabango ya chuo hapa inakatwa kwa alama ya X nyekundu, chuo kizima. Na tangu 1934, kila mchezaji wa Ohio State anayemfunga Michigan anapewa kidani kidogo chenye umbo la suruali fupi, cha rangi ya dhahabu. Kilianza na kocha Francis Schmidt, ambaye aliwaambia waandishi kwamba hao Michigan nao wanavaa suruali mguu mmoja mmoja kama watu wengine.

Hao vijana wa 2021 niliowataja wameondoka bila hicho kidani. Miaka 4, mechi 4, wamefungwa 4. Henderson anaondoka na pete ya ubingwa wa taifa bila kikaptula. Kuna wachezaji wa miaka ya nyuma ambao hawakuwa nusu yake, na wanavyo vikaptula vitatu vinne nyumbani. Hilo linaniuma na nadhani litaniuma kila nikimwona.

Turudi kwenye mechi.

Tarehe 12 Oktoba, Oregon, kwao. Tumefungwa 32-31. Tumefungwa kwa pasi ndefu, na Burke aliyerudi kwa ajili ya msimu huu ndiye alipitwa mara kadhaa. Mwisho wa mechi tuko karibu na eneo la kupiga mkwaju wa ushindi, sekunde zimebaki chache, Oregon wakaingiza mtu wa 12 kwenye ulinzi. Adhabu yake ni yadi 5, lakini saa imeshatembea. Sheria ilibidi irekebishwe baadaye kwa sababu ya ujanja ule. Jaribio lililofuata Howard akakimbia, akajilaza chini, na saa ikasoma sifuri. Mkwaju haukupigwa.

Lakini jambo kubwa la siku ile halikuwa hilo. Josh Simmons, mkingaji wa kushoto kabisa, anayelinda upande ambao kwotabeki haoni, goti lilikwenda. Msimu wake ukaisha palepale. Kati ya wale 5, wa kwanza akatoka.

Wiki 2 baadaye Nebraska akatutoa jasho nyumbani, 21-17. Aliyechukua nafasi ya Simmons naye akaumia. Makocha wakamhamisha Donovan Jackson, ambaye kazi yake ni ya ndani, wakampeleka pembeni. Kwa mabonge wale hilo si jambo dogo. Ndani unapambana na mtu kifua kwa kifua, pembeni unarudi nyuma huku unamzuia mtu mwenye mbio. Jackson aliimudu. Kwangu mimi yeye ndiye mchezaji wa msimu ambaye hatajwi.

Tarehe 2 Novemba, Penn State, mbele ya watu zaidi ya 111,000. Hapa naomba msome taratibu.

Tunaongoza 20-13, robo ya nne, na Penn State wako yadi 3 kutoka mstari wetu wakiwa na majaribio yote 4. Wakajaribu la kwanza, ukuta. La pili, ukuta. La tatu, ukuta. La nne wakapiga pasi, ikaanguka. Tukachukua mpira zikiwa zimebaki dakika 5 na ushei, na hatukuurudisha. Kila jaribio tulikimbia. Judkins katikati, Howard katikati, Judkins tena. Wale 5 wa mbele, wawili wakiwa si mahali pao pa asili, waliwasukuma Penn State nyuma mpaka saa ikaisha.

Ule ulikuwa ushindi mtamu. Naamini pia ndio uliotuponza baadaye. Makocha walitoka pale wakiamini timu hii ikibanwa inaweza kukimbia katikati ya mtu yeyote.

#5 MtuWaAnnArbor

Mkuu Buckeye, hongera ya kombe, natoa kwa roho safi. Ila tuongee ukweli, mmelinunua. Mkurugenzi wenu wa michezo alisema mwenyewe kikosi kimegharimu kama dola milioni 20. Na kwa hela zote hizo tumekuja kwenu na ushindi 6 tu, bila nyota wetu Will Johnson na Colston Loveland, tukawafunga 13-10.

#6 BuckeyeWaTemeke

Karibu sana ndugu yangu, na asante kwa hongera. Najibu la pesa, la 13-10 ndilo ninalolifuata.

Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yao. Wafadhili wa vyuo vikubwa vyote wanalipa. Dola milioni 20 ni kweli zilitajwa na sizikatai. Lakini miaka mingi kabla ya hapo vijana hawa walikuwa wanajaza viwanja vya watu laki moja, televisheni zinalipa mabilioni, makocha wanalipwa mamilioni, na anayevunjika goti anabaki na ada ya shule tu. Simmons alivunjika goti Oktoba. Mimi nafurahi kwamba kabla ya goti lile alikuwa amepata chake.

Na pesa haielezi 13-10, kama ulivyosema mwenyewe. Basi haielezi na 34-23 peke yake.

#7 DadaWaLouisville

Kaka Buckeye, pole na hongera kwa pamoja. Mimi Mkongomani wa huku Kentucky, watoto wangu ndio wamenifundisha huu mchezo. Naomba uielezee hiyo ya Michigan vizuri, mwanangu mkubwa alilia siku hiyo na sikuelewa kwa nini.

#8 BuckeyeWaTemeke

Dada yangu, mpe pole huyo kijana, hakuwa peke yake.

Novemba ilianza vizuri. Purdue 45-0. Northwestern 31-7 pale Wrigley Field, uwanja wa besiboli. Halafu wiki ya Indiana, ambaye alikuwa hajafungwa na mtu, senta wetu McLaughlin akachanika kano ya kisigino mazoezini. Kati ya wale 5, wa pili akatoka. Indiana tulimfunga 38-15, kwa hiyo watu hawakuona pengo. Ikaja tarehe 30.

Michigan alikuwa na mabonge 2 katikati ya ulinzi, Mason Graham na Kenneth Grant. Watu wale ni ukuta wa zege. Sisi senta wetu wa kwanza hayupo, Jackson yuko pembeni, Simmons yuko na magongo. Lakini pembeni kabisa tuna Smith, tuna Egbuka, tuna Carnell Tate, wapokeaji ambao hakuna chuo kilichokuwa na watatu kama wao. Na Will Johnson, beki bora wa Michigan, hachezi.

Sasa niambieni, mpira ungeupeleka wapi?

Sisi tuliupeleka katikati. Kwa Graham na Grant. Robo ya kwanza, katikati. Robo ya pili, katikati. Smith alifunga tachidauni kabla ya mapumziko, ikawa 10-10, nikasema sasa wameona. Kipindi cha pili hatukupata pointi hata moja. Smith alimaliza mechi nzima na yadi chini ya 40. Howard alinaswa pasi 2 na hakucheza vizuri, hilo nalikubali. Jayden Fielding alikosa mikwaju 2. Lakini huwezi kumtuma kijana akapige kichwa kwenye zege saa 3 nzima halafu useme hakuwa na moyo.

Dakika za mwisho Kalel Mullings akakata katikati yetu na mpira, yadi 27, Michigan wakasogea, na Dominic Zvada akapiga mkwaju wa pointi 3 zikiwa zimebaki sekunde 45. 13-10. Baada ya filimbi Michigan wakaja kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja wetu, Sawyer akaing'oa, ngumi zikarushwa, polisi wakapulizia dawa ya pilipili. Kila chuo kilipigwa faini ya dola 100,000.

Hapa Columbus jioni ile ilikuwa kama msiba. Nilipita High Street magari hayapigi honi. Na kwa siku zilizofuata watu walimsema kocha Day maneno ambayo mtu mzima hapaswi kumwambia mtu mwingine, mpaka nyumba ya familia yake ikahitaji ulinzi. Hilo lilinitia aibu kama shabiki. Nakosoa mpango wake hapa kwa herufi kubwa, lakini mke na watoto hawapigi pasi.

#9 MtuWaAnnArbor

Hapo kwenye familia niko na wewe asilimia mia. Na nikiri, mtaani kwetu wengi tulikuwa tunajiuliza kila jaribio: kwa nini hawampi Smith? Tulikuwa tunashukuru tu. Ila usitunyime haki yetu mkuu, Graham na Grant walifanya kazi, na tarehe 31 Desemba timu hiyohiyo ikamfunga Alabama 19-13.

#10 BuckeyeWaTemeke

Siwanyimi. Walicheza mechi yao vizuri kuliko sisi na walistahili.

Tunakuja kwenye mtoano. Mfumo ni mpya, timu 12 badala ya 4. Chini ya mfumo wa zamani kuna hatari kubwa tungekaa nyumbani. Kuna wanaosema hilo ni doa kwenye kombe. Mimi naona kinyume chake: tumecheza mechi 4 badala ya 2, zote na timu ngumu, kati yao aliyekuwa namba 1. Tulipangwa namba 8.

Tarehe 21 Desemba, Tennessee, hapa Columbus, usiku. Nilikuwepo. Baridi ilikuwa chini ya sifuri, simu ilizima mfukoni kabla hata ya bendi kuingia. Watu wa Tennessee walikuja kwa maelfu na makoti ya rangi ya chungwa, nikaogopa, nikajua wetu wameuza tiketi kwa hasira. Bendi ikaandika Ohio kama kawaida, watu wenye ala wanatembea mmoja nyuma ya mwenzake mpaka neno linatokea uwanjani, kisha mpiga sousaphone mmoja, ile ala kubwa ya kupuliza, anajitoa kwenye mstari, anarusha miguu juu, anakwenda kusimama juu ya herufi i awe nukta, anavua kofia na kuinama pande zote mbili. Siku ile alipoinama, uwanja ulipiga kelele ambayo sikuisikia msimu mzima.

Na jaribio baada ya jaribio, Howard akapiga pasi. Smith. Egbuka. Smith tena. Robo ya kwanza iliisha 21-0. Mwisho 42-17. Howard alitupa pasi 29, zikafika 24, yadi 311. Smith yadi 103 na tachidauni 2. Na kwa kuwa mabeki wa Tennessee walilazimika kutawanyika kuwafuata wapokeaji, Henderson na Judkins wakapata njia, kila mmoja tachidauni 2. Senta alikuwa yuleyule wa akiba, Carson Hinzman. Jackson alikuwa palepale pembeni. Wale 5 kwa sehemu kubwa walikuwa walewale wa Michigan. Kilichobadilika ni kwamba hawakuambiwa tena waangushe ukuta, waliambiwa wamkinge Howard kwa sekunde chache tu.

Kama walikuwa wamelala tarehe 30 Novemba, mbona hapa ni vijana walewale?

Tarehe 1 Januari, robo fainali pale Rose Bowl, Oregon yuleyule wa 32-31, ambaye sasa ana ushindi 13 bila kufungwa. Ilikuwa 34-0 kabla hata ya mapumziko. Smith yadi 187. Henderson alikimbia yadi 66 bila kuguswa. Iliisha 41-21. Jim Knowles, mtu wa ulinzi, naye anastahili neno: baada ya Oktoba alianza kumtumia Downs mbele, nyuma, pembeni, kwotabeki hajui atatokea wapi. Msimu mzima ulinzi wetu uliruhusu chini ya pointi 13 kwa mechi, bora kuliko chuo chochote nchini.

#11 MkenyaDallas

Buckeye bana, sasa umefika kwangu. Mimi ni wa Texas, nilikuwa pale Arlington tarehe 10 kwenye nusu fainali. Andika pole pole.

#12 BuckeyeWaTemeke

Pole kaka, nitaandika kwa heshima.

Texas ndio pekee waliojua la kufanya na Smith. Walimwekea watu wawili kila mara. Alidaka pasi moja, yadi 3. Na hapa ndipo nilipoona makocha wamejifunza kweli, maana hawakupiga kichwa ukutani. 7-7, nusu ya kwanza inakaribia kuisha, Texas wanakimbilia kumsumbua Howard, Howard akamwachia Henderson pasi fupi juu ya vichwa vyao. Jackson na wenzake walikuwa wameshatangulia mbele kufungua njia. Yadi 75. Hakuna aliyemfikia.

Niliitazama kwenye mgahawa wa Wasomali hapa Cleveland Avenue, wengi wao wamepitia Nairobi au Mombasa, kwa hiyo matusi na dua vyote ni Kiswahili. Robo ya nne tunaongoza 21-14, na Texas wakafika yadi 1. Yadi moja, majaribio 4. Mhudumu alikuwa amebeba birika la chai, akasimama nalo katikati ya meza, hamimini wala harudi jikoni.

La kwanza, ukuta. La pili wakarusha mpira kwa mbeba mpira aende pembeni, tukamnasa, wakapoteza yadi 7. Sijui kwa nini waliamua vile na sitaki kujua. La tatu, pasi ikaanguka. La nne, Quinn Ewers akarudi nyuma kutafuta mtu, na Sawyer akamfikia, akaupiga mpira mkononi mwake, ukadunda, ukamrudia Sawyer mwenyewe. Akakimbia uwanja mzima, yadi 83. 28-14.

Wasiojua: Ewers alikuwa Ohio State mwaka 2021, kabla hajahamia Texas. Aliyelala naye chumba kimoja bwenini alikuwa Jack Sawyer.

Mzee mmoja wa Kisomali, mtu wa miaka sabini hivi, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumzia futiboli, alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka.

#13 MkenyaDallas

Hiyo yadi 1 itanifuata mpaka kaburini. Nilikuwa nimekaa upande uleule. Ukiona Sawyer anakimbia anakuja upande mwingine wa uwanja, unajua hakuna wa kumshika, na bado unaita mtu amshike. Respekti kwake, lakini imeniuma sana.

#14 Msukuma_Halisi

Aisee huu mchezo nimeanza kuupenda kwa kusoma tu. Fainali mkuu!

#15 BuckeyeWaTemeke

Fainali, Atlanta, Notre Dame. Kocha wao Marcus Freeman alicheza Ohio State, kwa hiyo alitujua ndani nje. Walianza kwa kutubana pumzi: majaribio 18, karibu dakika 10, kwotabeki wao Riley Leonard anabeba mpira mwenyewe mara kwa mara mpaka akaingia. 7-0, na sisi hatujagusa mpira.

Tulipougusa, Howard hakukosa. Pasi zake 13 za kwanza zilifika zote 13. Judkins alifunga mara 3, na kipindi cha pili akakimbia yadi 70 peke yake. Ikawa 31-7.

Halafu wakarudi. Watu wa Notre Dame hawakukata tamaa na nawaheshimu. 31-15. Wakakosa mkwaju uliogonga nguzo. 31-23, dakika 4 na ushei.

Hapa ndipo uzi wangu wote unapokutana. Mpira ni wetu, jaribio la 3, yadi 11 zinahitajika. Novemba, dhidi ya Michigan, naamini tungekimbia katikati, tungepiga mpira mbali, na kuomba Mungu. Notre Dame walimwachia Smith beki mmoja, hana msaada nyuma. Howard akaurusha mpira juu kabisa, Smith akampita yule beki, yadi 56. Kijana wa mwaka wa kwanza. Msimu wake mzima umeisha na yadi 1,315 na tachidauni 15.

Na aliyekuja kupiga mkwaju wa kumalizia ni Fielding, yuleyule aliyekosa 2 dhidi ya Michigan. Akaupitisha katikati. 34-23. Kwenye mechi zile 4 za mtoano tulifunga pointi 145 na kufungwa 75.

Howard alichaguliwa mchezaji bora wa mashambulizi, Cody Simon wa ulinzi. Day alistahili kila alichopata siku ile, kwa sababu kubadili mpango mbele ya mji mzima unaotaka ufukuzwe kunahitaji mtu mwenye kifua. Lakini sitakubali mtu aniambie Henderson na Sawyer walihitaji kupigwa kofi ndipo wacheze. Walirudi chuoni kwa hiari yao. Moyo walikuwa nao tangu Januari 2024.

#16 DadaWaLouisville

Nimemsomea mwanangu yote. Anauliza: ukipewa kuchagua, ungechukua kombe hili au kumfunga Michigan?

#17 BuckeyeWaTemeke

Kombe, dada, bila kusita. Ila mwambie pia kwamba ningetaka vyote viwili, na walikuwa na uwezo wa vyote viwili. Kwa hilo tu sijasamehe ule mpango wa tarehe 30.

#18 KochaMstaafu

Msimu ujao wa 2025 je? Nasikia makocha wanakimbia.

#19 BuckeyeWaTemeke

Knowles ameenda Penn State, Kelly ameenda Raiders wa NFL. Howard, Judkins, Henderson, Egbuka, Sawyer, Tuimoloau, wote wanaondoka. Wanaobaki si haba: Smith, Tate, Downs, Sonny Styles. Kwotabeki bado, Julian Sayin na Lincoln Kienholz watagombea, mimi namwona Sayin. Wasiwasi wangu uko palepale, wale 5 wa mbele.

Tarehe 30 Agosti 2025 tunaanza na Texas hapahapa Columbus, MkenyaDallas karibu nyumbani, chakula na pa kulala vipo. Na tarehe 29 Novemba tunakwenda Ann Arbor, kwao Michigan. MtuWaAnnArbor, niangalizie tiketi mapema ndugu yangu, bei isije ikapanda.

#20 MtuWaAnnArbor

Nitakuangalizia mbili. Koti jekundu uliache kwenye gari tu mpaka tufike uwanjani.